Verlyn Sundvall Aanza Kusema Ukweli

Jumapili ile Verlyn Sundvall alichukua kipande cha mwisho cha keki ya limau, kikiwa kizima, mbele ya watu, na hapo hapo mkewe Ardis akajua kwamba mumewe ni mgonjwa.

Ilikuwa baada ya ibada, kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, watu wa Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, wakinywa kahawa yao nyepesi na kusifia hali ya hewa isiyosifika. Katika chumba hicho kipande cha mwisho hakichukuliwi. Mtu hukikata nusu, akaja mwingine akaikata ile nusu, wa tatu akajimegea kidogo huku akiapa kwamba ameshiba, hadi inabaki chembe ambayo hata panya angeona haya kuigusa. Hapo mama mmoja huiondoa sahani na kusema anakwenda kuiosha tu. Huo ndio ustaarabu, na Verlyn alikuwa ameuheshimu kwa miaka sitini na sita, thelathini na mmoja kati ya hiyo akiwa mfanyakazi wa reli ya madini ambaye hakuwahi kumuudhi hata kiberenge. Leo alinyoosha mkono, akatia kipande chote mdomoni, akatafuna, akalamba vidole.

"Tamu," alisema. "Ila aliyepika ana mkono mzito kwenye unga."

Aliyepika alikuwa amesimama pale pale. Watu wote wakatazama viatu vyao. Kwa watu wale, huko ni kupiga mayowe.

Wiki zilizofuata Verlyn alifungua bomba la ukweli na akasahau linafungwa upande gani. Mchungaji Folkestad alipompa mkono mlangoni, aliambiwa, "Mchungaji, mahubiri yako yalikwisha dakika ya nane. Zile ishirini nyingine ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea." Dale, jirani yao, alipokuja kuazima mashine ya kuondolea theluji, aliambiwa, "Dale, hii ni mara ya tisa msimu huu. Duka unalijua, hela unayo. Tatizo lako nini?" LaVonne, dada yake Ardis, alimkaribisha jikoni akamuuliza mapazia mapya anayaonaje. Mtu mzima yeyote wa Duluth anajua jibu la swali hilo.

"Shemeji, yanatisha," Verlyn alisema. "Hata mumeo anayaogopa. Ameniambia mwenyewe."

Ardis akawa anapita nyuma yake na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, nyumba hadi nyumba, kuomba radhi bila kutaja neno radhi. Alikuwa akigonga mlango, anasema amepika kingi kimezidi, anakabidhi bakuli, anaondoka. Aliyekosewa alielewa. Kufikia Februari alikuwa ameishiwa mabakuli.

Mpaka hapo ungesema ni mzee aliyekosa mshipa wa aibu, basi. Kilichomchanganya Ardis kilitokea supamaketi. Alikuwa ameinama kwenye rafu ya supu za kopo, anatafuta ya uyoga, ndipo Verlyn akapaza sauti, ile aliyokuwa akiwaitia madereva wa treni ya madini wakati wa dhoruba.

"Jamani! Mnamwona mwanamke huyu? Huyu ni mke wangu! Nampenda! Miaka arobaini na mmoja nampenda, na leo kapendeza kuliko siku ya harusi!"

Msichana aliyekuwa karibu alirudisha kopo lake na kukimbilia upande wa sabuni. Mzee mmoja alivua kofia, labda akidhani kuna msiba.

"Verlyn, tafadhali," Ardis alinong'ona. "Watu."

Lakini hakuondoka pale. Katika miaka arobaini na mmoja, Verlyn alimkwangulia barafu kwenye kioo cha gari kila asubuhi ya baridi, alimbadilishia matairi kila Novemba, na mama yake Ardis alipofariki alimjengea rafu tatu za vitabu ambazo hakuziomba. Ardis hakuwa mjinga, alijua maana ya rafu. Ila neno lenyewe hakuwahi kulisikia. Sasa alikuwa amelisikia kwenye supu za kopo, na alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu kinywa kilichosema hivyo ndicho kilichosema yale ya mapazia.

Daktari wao wa kawaida aliwapeleka kwenye hospitali kubwa ya kilimani. Sasa, hospitali ile ina mambo yake. Ghorofa ya tatu ni ya wagonjwa wa akili, ghorofa ya tano ni ya wagonjwa wa ubongo na neva, na watu wa ghorofa hizo mbili hawapikiki chungu kimoja. Wa tano wanaamini kwamba kisichoonekana kwenye picha hakipo. Wa tatu wanaamini kwamba kikishaonekana kwenye picha si chao tena. Mgonjwa akilia, anapelekwa chini. Akitetemeka, anapelekwa juu. Akilia huku akitetemeka, anabaki kwenye lifti, na lifti hiyo imetibu wengi kuliko daktari yeyote mle, maana wapo waliochoka wakajiendea nyumbani na kuandikwa kwamba wamepona.

Walianza na ghorofa ya tatu. Dokta Lang alikuwa kijana kutoka Boston, mpole, mwenye sanduku la karatasi laini za kufutia machozi aliloliweka karibu na kiti cha mgonjwa kwa matumaini makubwa.

"Mama Sundvall," alimuuliza Ardis, "nyumbani hali ikoje?"

Ardis alikuwa amekaa na mkoba mapajani. Alikuwa amepungua kilo sita. Dada yake hazungumzi naye, kanisani anaingia kwa mlango wa nyuma, na mume wake juzi ameacha jiko linawaka akaenda kulala.

"Si mbaya sana," alisema.

Hapa niseme jambo, kwa sababu daktari wa watu hakuambiwa na mtu. Mwenyeji wa Duluth ambaye nyumba yake imeungua hadi msingi atakwambia hali si mbaya sana. Aliyejeruhiwa na dubu atakwambia ingeweza kuwa zaidi. Lang, mtoto wa Boston ambako watu hupiga honi hata wakiwa wameegesha, aliandika: *Mke hana malalamiko.*

"Na hii tabia yake mpya ya kusema wazi?"

"Ni tofauti kidogo," Ardis alisema, na kwa kadiri yake alikuwa amepiga kengele ya moto.

*Mke anafurahia mabadiliko,* Lang aliandika. Kisha akamgeukia mgonjwa. "Na wewe mzee, unajisikiaje?"

"Mimi safi," Verlyn alijibu. "Wewe je? Maana umevaa soksi za rangi mbili na hujachana nywele. Umeachwa?"

Lang akaangalia soksi zake. Alikuwa ameachwa Jumanne. Aliandika kwamba mgonjwa ni mchangamfu na ana jicho kali, kwamba hana huzuni wala wazimu, na kwamba kustaafu humfungua mtu. Alipendekeza darasa la kuchora kwa wazee. Na kwa kujihami, akampeleka juu.

Ghorofa ya tano alikaa Dokta Whitcombe, bingwa, mtu wa Philadelphia, mrefu, ambaye hakuwa na karatasi za machozi bali kinyundo cha mpira. Alimgonga Verlyn magoti. Alimmulika macho. Alimwambia atembee kwenye mstari, aguse pua, ataje miezi kinyumenyume, achore saa. Verlyn alipata alama thelathini kwa thelathini.

"Saa niliyochora ni nzuri kuliko hiyo yako ya ukutani," alisema. "Yako iko nyuma dakika nne."

Whitcombe akatazama. Kweli, ilikuwa nyuma dakika nne.

Kichwa cha binadamu kina jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kwenye ubongo, na bingwa anatakiwa azipime zote. Ya kwanza ni ya kunusa. Lakini kuipima kunataka uwe na kitu chenye harufu, na bingwa ana shughuli nyingi, kwa hiyo mwalimu wake Whitcombe alianzia ya pili, na mwalimu wa mwalimu wake alianzia ya pili, na Whitcombe naye, kwa heshima ya wazee, akaandika: *Neva ya pili hadi ya kumi na mbili, sawa.* Hakuna aliyewahi kuuliza ile ya kwanza imekwenda wapi.

"Mama, una la kuongeza?" aliuliza akiwa amekwisha simama.

"Sitaki kukusumbua, daktari."

"Asante sana," Whitcombe alisema, kwa dhati kabisa, kwani wengi humsumbua. Bima haikubali kulipia picha ya ubongo bila dalili ya ubongo, na dalili hapa haipo, kwa hiyo mzee arudi ghorofa ya tatu.

Ghorofa ya tatu ikamrudisha ya tano. Ya tano ikamrudisha ya tatu na barua yenye maneno ya adabu yanayouma. Danadana hiyo ilikwenda wiki tano. Mara ya mwisho, wakiwa ndani ya lifti wanapanda, Verlyn alibonyeza namba nne kwa kidole gumba.

"Verlyn, si hapo," Ardis alisema.

"Hawa watu wanatuchezea. Mimi nashuka hapa, nataka choo."

Ghorofa ya nne ilikuwa na vitanda vibovu, miti ya Krismasi ya plastiki iliyofungwa kamba, choo, na mlango mmoja wenye kibao: Kliniki ya Akili na Ubongo. Hospitali iliifungua miaka mitatu nyuma baada ya mfadhili kuuliza kwa nini haipo. Wa tano walitoa chumba, wa tatu wakatoa kiti, na hakuna aliyetoa mgonjwa. Ndani alikuwamo Dokta Colleen Zupan, mwanamke wa miaka hamsini mwenye vyeti vya pande zote mbili. Kwa sababu hiyo wa tatu walimwita yule wa tano, wa tano walimwita yule wa tatu, na kwenye chakula cha mwaka mpya alikula akiwa amesimama. Alikuwa binti wa mchimba chuma, mzaliwa wa milima ya kaskazini, mwendo wa saa moja na nusu kutoka pale.

"Mmepotea?" aliuliza.

"Hatutaki kukusumbua," Ardis alisema.

"Keti, mama. Hali ikoje nyumbani?"

"Si mbaya sana."

Zupan aliweka kalamu chini. Uso ulimbadilika.

"Mungu wangu," alisema. "Tangu lini?"

Ardis alifungua mdomo kujibu na kilio kikamtoka badala ya maneno. Alilia miezi minne kwa mkupuo mmoja, bila karatasi, akifutia mkono wa koti. Kisha akasema yote. Alisema jiko, mapazia, mahubiri, mabakuli. Jambo moja tu hakulisema, lile la supamaketi, kwa kuwa aliona haya, na kwa kuwa lilikuwa lake.

Mezani kwa Zupan palikuwa na sahani ya keki ya chokoleti, mabaki ya siku ya kuzaliwa ya mfagizi. Kilibaki kipande kimoja. Zupan akaisukuma ile sahani taratibu kuelekea kwa Verlyn.

"Karibu, mzee."

Verlyn akakitia mdomoni. Hakusema hapana asante, hakusema nimeshiba, hakuuliza nani mwingine hajala. Wanawake wale wawili wakatazamana.

"Kizima," Zupan alisema.

"Kizima," Ardis alisema.

Daktari akasimama, akafungua kopo lake la kahawa, akamwambia Verlyn afumbe macho, akalisogeza chini ya pua.

"Unasikia harufu gani?"

"Hakuna kitu."

Akaleta sabuni. Hakuna kitu. Akaleta karafuu, iliyokuwa kwenye droo yake miaka mitatu ikisubiri mgonjwa. Hakuna kitu.

"Mara ya mwisho kusikia harufu ilikuwa lini, mzee?"

"Sikumbuki," Verlyn alisema, macho bado kafumba. "Nakumbuka niliacha kusikia samaki wa Ardis. Nilimshukuru Mungu."

Zupan alipiga simu ya bima wakiwa wamekaa pale pale. Aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kusoma fomu. Mgonjwa ana kifafa? Hana. Amepooza? Hapana. Kumbukumbu? Thelathini kwa thelathini.

"Hasikii harufu kabisa," Zupan alisema.

"Hayo yanaweza kuwa mafua, daktari. Mfumo haupokei mafua."

"Alichukua kipande cha mwisho cha keki."



"Si nusu?" yule mama aliuliza.

"Chote. Na hakukataa hata mara moja."

"Daktari, mimi kwetu Bemidji, huku huku kaskazini," yule mama alisema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu. "Apigwe picha leo. Mfumo nitajua la kuuambia."

Picha ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa chungwa, juu ya pua, katikati kabisa, umeusukuma ubongo wa mbele kulia na kushoto na kujikalia. Haukuwa saratani. Ulikuwa umeota polepole, labda miaka kumi, bila haraka na bila kumsumbua mtu, kama mwenyeji mwingine yeyote wa Duluth. Lakini ulikuwa umefika kwenye neva za macho. Ukiachwa, Verlyn angepofuka, kisha angekufa. Ulitakiwa kutolewa ndani ya wiki.

Hapo ndipo mzee aliyekuwa hana mwenyewe akapata wenyewe wengi. Kikao kiliitwa. Whitcombe alifika na wanafunzi sita, Lang akafika na wanne, na wote wawili wakasema mgonjwa wangu.

"Nilimpima mimi mwenyewe, neva zote," Whitcombe alisema.

"Zote?" Zupan aliuliza.

"Alianzia kwangu," Lang alisema haraka. "Mimi ndiye niliyeona kwamba tabia imebadilika."

"Ulimpeleka kwenye darasa la kuchora."

"Na wewe ulimrudisha kwangu na barua!"

Ardis alikuwa kwenye kiti cha kona, koti bado mwilini. Waliposhiba kugombana, mmoja akakumbuka adabu na kumuuliza kama ana swali.

"Sitaki kuwasumbua," alisema.

"Tusumbue, mama," Zupan alisema. "Leo tusumbue."

Ardis alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Alisema lile la supamaketi. Alilisema lote, supu, msichana, mzee wa kofia, na yale maneno yenyewe aliyasema akitazama sakafu, uso umemwiva hadi masikioni. Wanafunzi kumi waliacha kuandika.

"Mkiutoa huo uvimbe," alimaliza, "nataka kujua nani aliyesema. Ni yeye, au ni huo?"

Whitcombe akakohoa. "Sehemu iliyobanwa ndiyo inayomzuia mtu kuropoka. Kwa hiyo, mama, kuropoka ni dalili. Mimi maneno hayo ningeyaandika mstari mmoja na ile keki. Yakitoweka baada ya upasuaji, ujue tumefaulu."

"Hapana, hapana," Lang alisema. "Uvimbe haumjui mke wa mtu. Hayo yametoka ndani."

"Ndani wapi? Nionyeshe kwenye picha."

"Hayaonekani kwenye picha!"

"Basi hayapo."

"Basi ni yetu!"

Walibishana robo saa kwamba mapenzi ya Verlyn Sundvall ni ya ghorofa ya tatu au ya tano, mwanafunzi mmoja akapendekeza yapigiwe kura, na Ardis akabaki ameshika mkoba. Zupan aliacha kuwasikiliza, akavuta kiti karibu naye.

"Sijui, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nina vyeti viwili na sijui. Mambo mengi aliyosema yalikuwa kweli. Lakini ubongo ulio hivyo husema na yasiyo kweli. Nikikwambia najua, nitakuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Ardis alimshukuru, kwa kuwa lilikuwa jibu la kwanza pale ndani lililokuwa limemtazama machoni.

Siku moja kabla ya upasuaji, Verlyn akiwa kitandani na kofia ya karatasi, muuguzi kijana alimletea jeli ya kijani kwenye kikombe. Alikuwa binti mnene, mchangamfu, jina lake Kirsten, na ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana.

"Nakupenda wewe," Verlyn alimwambia, kwa sauti ile ile ya treni. "Mnasikia? Nampenda huyu!"

Kirsten akacheka, akasema asante babu, akaenda zake na toroli. Ardis alimfuata kwa macho hadi mlangoni. Kumbe ndivyo hivyo. Kumbe ilikuwa jeli. Aliona uchungu, akaona aibu kwa uchungu wake, mwanamke wa miaka sitini na minne anamwonea wivu binti wa jeli. Fomu ya kukubali upasuaji ilikuwa mbele yake tangu asubuhi, na ukweli ni kwamba alikuwa ameichelewesha. Alitaka kulisikia lile neno mara moja zaidi, hata kama ni la chungwa. Verlyn alikuwa ameanza kupapasa kikombe kilichokuwa mbele ya macho yake. Ardis alimwekea kijiko mkononi, kisha akatia sahihi.

Upasuaji ulichukua saa saba. Chungwa lilitoka zima. Siku ya tatu Kirsten alikuja na jeli, na Verlyn, kichwa kimefungwa bandeji, akasema hapana asante, mpe mwingine. Akabembelezwa, akasema ameshiba. Akabembelezwa tena, akasema basi kidogo tu, kama itatupwa. Ardis alitoka nje ya chumba akalia kwa furaha, na machozi ya furaha yalipokwisha akagundua kwamba bado analia.

Whitcombe aliandika kwamba dalili zote zimeondoka. Lang aliandika kwamba hali ya nafsi imetulia. Kila mmoja alikwenda kwenye mkutano wake, mmoja Chicago na mwingine Toronto, kueleza alivyomgundua mgonjwa huyu. Kliniki ya ghorofa ya nne iliongezewa kiti cha pili.

Nyumbani, Verlyn alikaa siku nane bila kusema kitu cha maana. Hali ya hewa aliisifia. Ardis alifikiri amesahau yote, na akaanza kuzoea. Siku ya tisa, baada ya kifungua kinywa, Verlyn aliomba karatasi.

"Nakumbuka, Ardis," alisema. "Hiyo ndiyo shida. Nakumbuka kila neno."

Akaandika orodha, kwa mwandiko wake wa reli, namba moja hadi kumi na nne, ya watu aliowakosea. Kuanzia kesho yake akawa anazunguka. Mchungaji Folkestad alisema wala hakumbuki, ingawa tangu siku ile mahubiri yake hayakuzidi dakika tisa. LaVonne alisema hakuna neno, akiwa amesimama mbele ya dirisha lisilo na mapazia. Dale alikataa katakata kuombwa msamaha, akakataa tena, kisha akaazima mashine ya kukatia nyasi. Kirsten aliandikiwa barua kuhusu jeli: *Nilikwambia jambo ambalo halikuwa kweli, na wewe ni mtoto wa watu. Samahani.*

Ardis ndiye aliyepewa barua hiyo aipeleke posta, na aliisoma mara mbili. Orodha nayo ilikuwa wazi juu ya meza ya jikoni. Kila jioni jina moja lilikatwa. Namba kumi na nne, ya mwisho kabisa, ilikuwa Ardis.

Aliisubiri namba hiyo kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Alijua lazima mumewe ataifikia, kwa kuwa mtu wa reli haruki kituo. Ataomba msamaha kwa samaki, halafu ataomba msamaha kwa lile lingine, kwa upole wake wote, na baada ya hapo halitakuwapo tena. Mara mbili alitaka kuichoma ile karatasi.

Ilikuwa asubuhi ya Mei. Verlyn alikaa mezani, akavaa miwani, akaweka orodha mbele yake.

"Ardis. Kuna mambo nilikukosea."

"Si neno, Verlyn."

"Nilisema samaki wako ananuka. Nikasema kwa daktari."

"Ulisema."

"Samahani. Na niliacha jiko linawaka. Na siku ile nilikuita mkaidi mbele ya dada yako."

"Nimesamehe."

Verlyn akachukua kalamu, akalikata jina la Ardis, mstari ulionyooka, akaikunja karatasi mara mbili na kuitia mfuko wa shati. Ardis alimtazama mikono. Angeweza kunyamaza. Watu wake wote, tangu babu zake waliposhuka melini, wangenyamaza.

"Na yale ya supamaketi?" aliuliza.

Masikio ya Verlyn yakawa mekundu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Ardis aliona anavyohangaika na akakaribia kumwonea huruma.

"Yale hayamo humu," Verlyn alisema hatimaye, akigusa mfuko. "Pale sikumkosea mtu."

Ardis akalia kwa sauti, mchana kweupe, dirisha wazi na Dale yuko uani anasikia kila kitu, na wala hakujali.